Vipande Ishirini na Vitatu

3 Februari

Kaka yangu,

Pokea salamu zetu, za mkubwa na za mdogo. Mdogo mwenyewe, Kibonge, ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwenye kila kitu: kijiko, kamba ya pazia, bega langu. Baba yake mzima ila mgongo, kwa sababu kazi ya vigae ni kuinama kutwa, na akirudi anataka Kibonge amkanyage kanyage. Mtoto anafikiri ni mchezo. Sisi huku hatujambo. Hofu ni kwako uliye mbali.

Simu yako haipatikani, hii wiki ya tatu. Yule mwanamke wa kusema "jaribu tena baadaye" nimemzoea mpaka namwitikia. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kama Mama alivyokuwa akinilazimisha ulipokuwa bweni.

Kaka, nimepata kazi. Ni ofisi ndogo inayotoa vitabu vya zahanati, vyumba viwili juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi inapanda ngazi kabla yetu. Mkuu wetu ni mhariri. Tunamwita Bi Miwani, maana ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na bado utamkuta anatafuta miwani. Yupo na fundi wa mashine ya kuchapa, mtu wa maneno machache na yote ya kukatisha tamaa.

Niliposikia wanatafuta mwongozo wa kulea watoto wachanga, niliwapelekea daftari la Mama. Unalijua, lile la jalada la buluu, ukunga wa miaka thelathini umo humo, na maneno yake ya kalamu nyekundu pembeni. Bi Miwani alikaa nalo siku mbili. Akasema hakuna haja ya kutafuta zaidi. Kwa hiyo mimi, niliyeishia kidato cha pili, ndiye ninayeliingiza kwenye kompyuta.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi. Kila kipande cha maandishi nakivisha alama, ya kufungua mbele na ya kufunga nyuma, zenye mabano ya ncha: hiki ni kipimo cha dawa, hiki ni umri wa mtoto, hili ni onyo. Ukishavisha hivyo, maandishi yaleyale yanaweza kutoka kama kijitabu, karatasi ya ukutani, au ukurasa wa simu, bila kuandika upya. Kinachofanya hivyo wanakiita kigeuzi. Na kigeuzi ndicho ninachotakiwa kukichagua mimi, kwa sababu daftari ni la mama yangu na alama ni za mkono wangu. Mwisho wa Mei tunachapa, kwa zahanati kumi na moja.

Kipo kimoja cha zamani, cha bure. Fundi anakiita Mzee. Hakina picha wala vitufe, unakiandikia kanuni mojamoja: ukikuta hiki, fanya hivi. Vipo na vingine vya kisasa, na kila kimoja kinajisifu. Wewe umekaa miaka minane kwenye kampuni ya nyaraka. Niambie nishike kipi. Nikipatia nitaajiriwa moja kwa moja, lakini si hilo linaloninyima raha. Ni kwamba jina la Mama litakuwa juu ya jalada, na mzazi mwenye mtoto wa homa mikononi atasoma kilichoandikwa na kukifuata kama kilivyo.

Kaburi tumelipalilia. Ulivyonyimwa likizo ya kuja kumzika, nilikuambia nimeelewa. Nimeelewa.

Mdogo wako,
Mama Kibonge


27 Februari

Mama Kibonge, mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa na duara la kikombe cha chai juu ya bahasha, nikajua bila kusoma jina kwamba imetoka kwako. Nimecheka peke yangu. Mbusu Kibonge kwenye mashavu yote mawili, na mwambie shemeji alale sakafuni siku mbili tatu, godoro ndilo linalommaliza.

Mimi nipo, kazi nyingi tu. Simu iliharibika, nitapata nyingine. Niandikie kwa anwani niliyoweka nyuma ya bahasha. Ile ya kampuni wanachelewesha barua za watu.

Nimefurahi kuhusu daftari. Sikutegemea.

Sasa sikiliza. Achana na Mzee. Ni kigumu, kitakula miezi yako, na wewe una mtoto. Ndani ya bahasha kuna flashi, nimeizungushia karatasi isipigwe pigwe njiani. Humo kuna kigeuzi kipya. Unakipa faili lako, unabonyeza mara moja, kinakupa vyote vitatu, kijitabu, karatasi na ukurasa wa simu. Huku kinatumiwa na ofisi nyingi. Nimekiona kikifanya kazi kwa macho yangu.

Kuna na karatasi ya makubaliano. Bi Miwani atie saini na jina la ofisi liandikwe vizuri, kwa sababu wenyewe huweka orodha ya wanaokitumia. Afadhali iwe kabla ya mwezi wa nne. Na usiwape watu wengine wakichokonoe. Wenyewe hawapendi.

Kaka yako


19 Machi

Kaka yangu,

Salamu zako nimezifikisha. Baba Kibonge alilala sakafuni siku moja, ya pili akasema shemeji anataka kumuua arithi vigae. Kibonge anasimama kwa kushika ukuta, na ukuta ukiisha anakaa chini na kuulaumu. Sisi wazima, na hofu iko palepale, kwako.

Flashi imefika salama. Nikakiweka kigeuzi, nikabonyeza. Kaka, nilishika mdomo. Kurasa zimetoka kama za kitabu cha dukani, vipimo ndani ya visanduku, umri wa mtoto kwa rangi yake, kila kitu kimekaa kwa mstari. Tumekipa jina la Bonyeza. Bi Miwani aliinua miwani ya machoni akaitia kichwani juu ya ile nyingine, na kwake hiyo ni sherehe. Tukatoa karatasi tatu za ukutani za majaribio, zimebandikwa zahanati ya mtaani kwetu ninakompeleka Kibonge kupimwa uzito. Nilipita mbele yake mara mbili bila shughuli yoyote.

Lakini karatasi ya makubaliano haijatiwa saini. Fundi wa mashine aliishika akaigeuza nyuma na mbele. Akauliza wenye kigeuzi ni akina nani. Nikasema kaka yangu anawajua. Akauliza ofisi yao iko wapi. Nikaitazama bahasha yako. Akasema, "Anayekuharakisha utie saini kabla hujasoma, ana lake." Kisha akarudi kwenye mashine yake kana kwamba hakunichoma.

Nilimkasirikia mchana kutwa. Jioni nikiwa naanua nguo nikagundua kwamba nilikuwa nimekasirika kwa sababu niliwaza hivyo kabla yake.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na usinune. Bahasha yako si ya kampuni, ni ile ya kununua moja moja. Anwani ni mpya. Simu bado. Kwenye Bonyeza nimetafuta jina la waliokitengeneza kila kona, halipo, na kitu kizuri namna hiyo mtu hakosi kukitia jina lake. Mbona wenyewe hawapendi kuchokonolewa? Wanakupa chochote ukiwaletea mteja? Kama wanakupa, si dhambi, niambie tu. Mimi nikijua kilichomo ndani ya chungu nakula bila wasiwasi.

Umesema hukutegemea daftari kuchapwa. Hukuuliza hata kama maneno yake mekundu bado yanasomeka. Yanasomeka.

Mdogo wako,
Mama Kibonge


16 Aprili

Kaka,

Wiki nne na hujajibu. Siku zote tunaandika kwamba hofu ni kwako uliye mbali, kama mtu anavyosema hodi. Safari hii naandika na namaanisha.

Kibonge mzima. Ana jino la tatu.

Sasa nikueleze lililotokea, maana limetokea na siwezi kulificha.

Jumanne ya mwisho ya Machi, mchana, mtoto amelala, nikachukua karatasi ya homa iliyotoka kwenye Bonyeza nikawa naisoma kwa sauti, kwa raha tu, nimsikie Mama. Nikafika mahali ulimi ukaendelea na macho hayakuukuta. Nilikuwa nasema, "Kama hajakojoa tangu asubuhi, usingoje dawa, mlete," na kwenye karatasi hamna. Nikageuza nyuma. Hamna. Nikafungua faili langu kwenye kompyuta, ipo, nimeivisha alama yake vizuri, mbele na nyuma.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akihesabu vitambaa? Mama mzazi akilala kitandani, vitambaa vya pamba vinapangwa mezani, anahesabu yeye kwa sauti, kisha anamtaka msaidizi ahesabu tena kivyake. Mtoto akishatoka, wanahesabu upya wote wawili. Hata mzazi awe amechoka, hata usiku uwe umekwisha, hakuna wa kunawa mikono kabla hesabu mbili hazijalingana, kwa sababu kitambaa kimoja kikibaki ndani kinaua, na kinaua polepole watu wakiwa wanashangilia mtoto. Tulikuwa tunacheza mchezo huo kwa mawe, mimi Mama na wewe msaidizi.

Basi nikahesabu. Kwa penseli, nukta kwenye kila kipande, siku tatu. Fundi alinionyesha baadaye kwamba kompyuta ingehesabu kwa kubonyeza mara mbili. Nilicheka ili nisilie.

Vilivyoingia, vipande mia nne kumi na viwili. Vilivyotoka, mia tatu themanini na tisa. Vimepotea ishirini na vitatu, na vyote ni maneno mekundu ya pembeni. Niliyavisha alama niliyoibuni mwenyewe, nikaiita "pembeni", kwa sababu ndipo Mama alipoyaandika. Haikuwa kwenye orodha ya alama aliyonipa Bi Miwani, na sikumuuliza. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini Bonyeza kilipokutana na alama isiyoijua hakikuuliza, hakikukohoa. Kilimeza, kikapanga visanduku vyake juu ya shimo, na ukurasa ukawa mzuri zaidi.

Karatasi tatu zilikuwa ukutani wiki mbili nzima. Nilimfunga Kibonge mgongoni nikaenda, ndala zangu moja ya kijani na moja ya buluu, nikaanza kubandua. Nesi akatoka. Akaniuliza, "Unabandua kwa ruhusa ya nani?"

Nikamwambia ya aliyeandika.

"Aliyeandika amefariki."

"Ndiyo maana nimekuja mimi."

Alinitazama, kisha akaja akanishikia kona ya juu nisiyoifikia. Nikamuuliza kama katika wiki hizo mbili kuna mtoto yeyote aliyecheleweshwa nyumbani. Akasema anavyojua hakuna. Anavyojua. Nimelala na maneno hayo mawili mpaka leo.

Kaka, nani alitengeneza kitu hiki? Ulisema umekiona kikifanya kazi kwa macho yako. Ulikuwa unatazama nini?

Mama Kibonge


5 Mei

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Nashukuru kwamba mtoto mzima.

Kigeuzi kina orodha ya alama kinazozijua. Wewe ulibuni ya kwako. Kigeuzi hakiwezi kujua kilichomo kichwani mwa mtu. Badilisha "pembeni" zote ziwe "onyo" na vipande vyako vyote vitatoka. Ni kazi ya dakika kumi.

Kuhusu maswali mengine, sina la kuongeza. Ile saini ingefaa isichelewe.

Kaka


22 Mei

Kaka yangu,

Kibonge ametembea. Hatua nne, kutoka mlangoni mpaka kwenye ndoo, na akaikumbatia ndoo kama mtu aliyepokelewa stendi. Baba yake aliacha vigae vya watu akaja kuangalia, Kibonge akakataa kurudia. Nakupa habari hii kwanza kwa sababu zinazofuata ni za aina nyingine.

Barua yako ya mwisho ina mistari minane. Nimeihesabu pia. Sasa nahesabu kila kitu.

Nilifanya ulivyosema. Nikabadilisha alama, na kweli, mia nne kumi na mbili zikaingia na mia nne kumi na mbili zikatoka. Bi Miwani akasema basi, yamekwisha. Mimi roho ikakataa. Leo nimekosea hapa, kesho mwingine atakosea pale, na Bonyeza kitameza vilevile kwa adabu. Nikaamua kukijaribu kama tunavyojaribu mtoto kama anasikia, kwa kumpigia kijiko nyuma ya sikio. Nikachukua sentensi moja nikaivisha alama ya kipuuzi, "sufuria". Nikabonyeza. Imepotea. Nikaivisha "mwavuli". Imepotea. Kibonge alikuwa amekaa na kitabu chake cha picha, amekifungua kwenye kuku, kwa hiyo ya tatu nikaiita "kuku".

Ikatoka.

Ikatoka nzuri, na kisanduku, na pembe zake za mviringo. Nikakaa nikitazama. Kigeuzi cha maofisi mengi, cha watu wasiopenda kuchokonolewa, hakijui onyo la pembeni la Mama lakini kuku kinamjua. Kamjulia wapi?

Nikafungua flashi yako na kuisoma yote, hata mafaili ambayo sikuwa na kazi nayo. Liko moja la mfano, la kujifunzia. Ni orodha ya kuku. Wa kwanza jina lake Chongo. Rangi, kijivu. Tabia, hulala ndani ya beseni la mkunga na humdonoa mwenye kulitaka.

Kaka, jogoo Chongo walimjua watu watatu duniani. Mmoja tumemzika. Wa pili ndiye ninayeandika.

Hakuna wenyewe. Hakuna maofisi mengi. Bonyeza ni chako, umekitengeneza wewe, na karatasi ile ya makubaliano ilikuwa orodha isiyo na jina hata moja, ikingoja la kwetu liwe la kwanza. Na mtu mwenye kazi kwenye kampuni hana muda wa kutengeneza kitu kizuri hivyo peke yake. Nikaunga na bahasha, nikaunga na simu, nikafika mahali ambapo sikutaka kufika. Wanaonyimwa likizo ni wenye kazi.

Sikuandiki kwa hasira. Hasira niliimaliza kwenye nguo, zimetakata mno wiki hii.

Kuhusu kigeuzi, nimeshachagua. Nimechagua Mzee. Fundi na mimi tumemwandikia kanuni thelathini na moja, wiki mbili, na vidole vyangu vimekuwa kama vya mshonaji. Kurasa zake si nzuri kama zako. Lakini nilimpigia kijiko naye. Mzee akikuta alama asiyoijua anayaacha maneno yapite kama yalivyo, uchi, bila kisanduku, yanaharibu ukurasa mzima. Yanachukiza macho, ila yapo. Mtu atayaona na atauliza. Bi Miwani alitaka kupigania visanduku, nikamweleza habari ya vitambaa, akavua miwani zote mbili. Tumesogeza kuchapa mpaka mwisho wa Juni.

Najua ninachokunyima. Jina la ofisi yetu lingekusaidia kufungua milango. Ningekuwa nachagua zawadi ya kaka yangu ningechagua Bonyeza na macho nimefumba. Lakini nilikuwa nachagua kwa ajili ya mzazi nisiyemjua, na mtoto wake hajakojoa tangu asubuhi.

Uko wapi, Kaka? Sisemi anwani.

Mdogo wako,
Mama Kibonge


14 Juni

Mdogo wangu, Mama Kibonge,

Nimeisoma habari ya ndoo mara nyingi kuliko nyingine zote. Mwambie asirudie kwa kuombwa, ana akili.

Ulivyosema ndivyo. Kampuni ilituachisha kazi mwezi wa tisa mwaka jana, watu kumi na saba kwa barua moja. Mama akafa mwezi wa kumi. Uliponipigia sikuwa na nauli na sikuwa na uso. Nilikuwa mtoto wa mkunga aliyesomeshwa na vitambaa vile, na ningefika kaburini mikono mitupu. Neno "likizo" lilitoka lenyewe, na likishatoka sikuweza kulirudisha. Simu haikuharibika, niliiuza.

Nakaa chumba kimoja nyuma ya fundi viatu. Kuta zinanuka gundi. Ana kompyuta kuukuu ya kuandikia risiti, naitumia akifunga. Nilijiambia nitatengeneza kitu kimoja kizuri, kikipata ofisi moja ya kweli nitawaonyesha wengine, kisha nitarudi nyumbani kama mtu. Ofisi ya kwanza ikawa yako. Nikaona ni bahati. Nikaidanganya.

Barua yako ya Aprili niliisoma nimesimama. Mia nne kumi na mbili, mia tatu themanini na tisa. Nilijua ni mstari gani kabla hujanieleza. Ni mmoja tu, niliuandika siku niliyokuwa na haraka: usichokijua, kiruke. Niliuona unafanya kurasa ziwe safi nikaupenda. Ukaniuliza nilikuwa natazama nini. Nilikuwa natazama uzuri. Nikakujibu kwa mistari minane kwa sababu wa tisa ungekuwa kilio.

Nilikuwa msaidizi, unakumbuka. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mara ya pili. Uliponipa mawe nilikuwa nasema idadi yako bila kuhesabu, ili mchezo uishe twende kula. Mama alinikamata mara moja. Hakunipiga. Alificha jiwe moja chini ya mguu wake akangoja niseme kumi na mbili. Nikasema kumi na mbili. Akainua mguu.

Mstari ule nimeufuta. Sasa kikikuta kisichokijua kinasimama, kinakitaja kwa jina na kinakataa kuendelea. Na mwisho wa kila kazi kinaandika vilivyoingia na vilivyotoka. Nimetuma flashi nyingine. Sikuombi ukitumie. Umechagua vema, na ningekuwa mhariri wenu ningemfukuza anayesema vingine. Nataka tu ukipigie kijiko.

Yale maneno mekundu. Umesema yanasomeka. Lipo la ukurasa wa mwisho, la mtoto anayelia bila sababu?

Kaka yako


6 Julai

Kaka yangu,

Tumepokea barua, tumepokea flashi, na Kibonge amepokea karatasi ya kuizungushia, ameila kona.

Kijitabu kimetoka. Kimekwenda zahanati zote kumi na moja, na jina la Mama liko juu kwa wino mweusi. Karatasi mpya za ukutani nilizibandika mimi mwenyewe. Nesi yule alileta kiti, akasimama chini akiniambia panda kushoto, shuka kidogo, kama tunatundika picha ya harusi. Kisha akasoma yote mpaka chini kabla hajarudi ndani. Ofisini nimeajiriwa. Fundi wa mashine alinipongeza kwa kusema mshahara wa kudumu humfanya mtu mvivu.

Flashi yako nimeipigia kijiko. Sufuria: kikasimama, kikaitaja, kikagoma. Mwavuli: kikagoma. Nikampelekea Bi Miwani na nikamweleza kimetoka kwa nani na kilitudanganya vipi, sikumficha hata chembe. Akauliza kama mkunga alikuwa akihesabu vitambaa peke yake. Nikasema hapana, siku zote wawili. Akasema basi Mzee atageuza, na Bonyeza kitahesabu nyuma yake, kila kijitabu, na tutaandika barua ya kusema hivyo, yenye jina la ofisi, si zaidi ya tulichokiona na si pungufu. Barua hiyo iko ndani ya bahasha hii. Waonyeshe watu.

Fundi ameisoma barua yako ya Juni. Amesema mtu aliyetaja kosa lake kwa mstari wake anaweza kuaminiwa kushika hesabu. Kwake hayo ni maneno mengi.

Lile la ukurasa wa mwisho lipo. "Mtoto akilia bila sababu, sababu ipo, hujaihesabu."

Nimekaa nalo, Kaka. Miezi yote hii nilikuwa nakushuku, na sijutii, kwa sababu kushuku ndiko kulikonifikisha kwako. Mama hakuwa akimshuku msaidizi wake kwa chuki.

Jumapili nilikuwa naweka sahani mezani na mkono ukafanya kama wa Mama, ukahesabu. Mama alizaa wawili. Nimehesabu mara ya pili, na Baba Kibonge amehesabu kivyake, na hesabu zetu zimelingana: mmoja yupo, mmoja hajarudi. Hapa hakuna anayenawa mikono.

Uje hivyohivyo, mikono mitupu. Kibonge anatembea mpaka barabarani sasa.

Mdogo wako